Ukungu, kuvu, sumukuvu: maabara hupima nini katika vumbi la nyumba?

Neno ukungu lina maana mbili: ule unaofunika bonde alfajiri, na ule unaoota ukutani au juu ya mkate. Hii ya pili peke yake yatosha kumpotosha mfasiri. Ripoti ikisema vumbi la chumba "lina ukungu", bado haijasema kilichopimwa.

Vumbi hufyonzwa kwa mashine kutoka sakafuni au kwenye godoro, huchekechwa ili kuondoa nywele na mchanga, kisha hupimwa uzito. Baada ya hapo njia hutengana. Ya zamani ni kuotesha: vumbi huchanganywa na maji, hutandazwa juu ya agari, na siku kadhaa baadaye mpimaji huhesabu makoloni (wenzetu wa historia watatusamehe). Hapo amehesabu kuvu hai tu. Spora iliyokufa haioti, ingawa bado yaweza kumsumbua mwenye pumu. Njia ya DNA huhesabu hai na mfu, lakini za spishi zilizotafutwa tu. Kipimo cha ERMI, kilichobuniwa Marekani, hutafuta 36. Njia nyingine hupima glukani, kemikali ya kuta za seli za kuvu, na glukani hutoka pia kwenye mimea.

Sumu ni jambo jingine. Aflatoksini, ambayo jina lake limekatwa kutoka Aspergillus flavus, hupimwa kwa kromatografia au kingamwili. Si kila flavus hutengeneza sumu, na sumu hubaki hata kuvu ikifa.

Ndiyo maana neno sumukuvu, lililoenea Tanzania, nalipenda kwa mashaka. Mwaka 2004 aflatoksini katika mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Neno fupi la kusikika redioni lina kazi kubwa. Kisarufi, sumu ndiyo kichwa na kuvu ni kibainishi. Lakini msikilizaji hushika kile anachokiona, yaani kuvu: akishaipangusa karanga, hudhani sumu nayo imeondoka.

Katika nyumba ambamo gunia la karanga hulala chumba kimoja na watoto, vumbi na chakula havina mpaka. Ripoti ya huko ningeifasiri kwa maneno marefu zaidi: "kuvu hai kwa gramu ya vumbi", "DNA ya kuvu, hai na mfu", "sumu ya kuvu, hata pasipoonekana kuvu". Neno ukungu ningeliachia bonde.