JUMATANO: Moto wa Melita

Soma Matendo 27:37 hadi 28:10. Ni nani waliookoka, na ni nani waliowapokea?

Watu 276 walifika nchi kavu wamelowa, hawana kitu. Wenyeji wa Melita hawakuuliza kwanza yupi ni askari na yupi ni mfungwa, waliwasha moto. Paulo naye akaokota kuni. Tafakari jambo hili: kuni zile ziliwapasha joto pia askari ambao, muda mfupi tu kabla, walikuwa wameshauriana kuwaua wafungwa (Mdo. 27:42). Ndipo Publio akawakaribisha siku tatu.

Msafiri wa Mpanda anaelewa habari hii upesi. Wakati wa mvua Mto Katuma hujaa, na udongo mweusi wa mbuga hunasa magurudumu. Gari likikwama porini kabla ya kufika Sitalike, hakuna anayeweza kushuka na kwenda zake, maana Hifadhi ya Katavi ina simba na viboko. Mwenye mihogo huigawa. Mwenye khanga humfunika mtoto wa mwenzake.

Katika safari yako ya mwisho, ni nani aliyeketi karibu nawe, nawe hukumwuliza hata jina?