Mgonjwa wa Akili Unazungumza Naye Vipi? Mwongozo kwa Familia za Mpanda na Katavi

Ndugu yako ameacha kulala. Usiku kucha anazunguka uani, anaongea peke yake, chakula hakigusi, na majirani wameanza kunong'ona. Au hana kelele yoyote: amelala kageukia ukutani, shamba limemshinda, na kila ukimwuliza anajibu, "Sina kitu." Wote wawili wanaumwa, na wote wawili wana pa kupelekwa hapa hapa Katavi. Makala haya yanakueleza uende wapi, uandae nini, na zaidi ya yote, muuguzi wa afya ya akili anazungumza vipi na mgonjwa. Mazungumzo hayo ni sehemu ya matibabu, na nyumbani mnaweza kuyaendeleza.

Uanzie wapi? Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uwe Inyonga, Karema, Majimoto au Mishamo. Mweleze mhudumu mabadiliko uliyoyaona na yameanza lini. Akiona yamemzidi, atakuandikia barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi mjini Mpanda. Ukifika mapokezi, sema wazi kwamba unatafuta huduma ya afya ya akili, na uulize siku za kliniki. Mara nyingi kliniki hiyo ndiyo inayowahudumia pia wenye kifafa, kwa hiyo usishangae ukiwakuta kwenye foleni moja. Mgonjwa akiwa hatarini, yaani ametishia kujiua, amekunywa sumu au anashambulia watu, usisubiri barua wala siku ya kliniki. Mpeleke moja kwa moja kwenye mapokezi ya dharura, hata kama ni usiku.

Wengi wakisikia ugonjwa wa akili, hufikiria Mirembe tu. Hospitali ya Mirembe iliyoko Dodoma ni ya taifa, imekuwepo tangu miaka ya 1920, na hupokea wagonjwa ambao mikoani imeshindikana. Kutoka Mpanda unaweza kufika huko kwa treni inayopita Kaliua na Tabora. Lakini wagonjwa walio wengi hawahitaji safari hiyo. Wanahitaji kliniki ya karibu, dawa zisizokatika, na watu wa nyumbani wanaojua kuzungumza nao.

Itagharimu kiasi gani? Kwa sera ya serikali, magonjwa ya akili yamo kwenye orodha ya magonjwa sugu yenye msamaha wa malipo katika vituo vya umma. Ukiambiwa ulipe na huna uwezo, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo. Huyo ndiye anayeshughulikia misamaha, na ni haki yako kumwona. Tatizo kubwa zaidi huwa dawa kuisha dirishani, ukaambiwa ukanunue nje. Hapo mwombe mtoa huduma akuandikie jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni, kisha ulizia bei katika maduka mawili au matatu kabla ya kununua. Kuhusu bima, CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii) ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadilisha utaratibu, ulizia kiwango cha sasa katika ofisi ya kijiji au mtaa. Usisahau nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi. Kwa anayetoka Mwese au Karema, hiyo ndiyo gharama inayouma, na heri ipangwe mapema kuliko miadi kupotea.

Sasa umeingia chumbani kwa muuguzi. Atafanya nini? Watu wengi hutegemea kuulizwa "anaumwa wapi?" kisha kuandikiwa vidonge. Muuguzi aliyesomea afya ya akili huanza kwa salamu. Mgonjwa akiwa mtu mzima, atamwamkia "Shikamoo mama" au "Shikamoo mzee" kama angemwamkia mtu mwingine yeyote, hata kama mzee huyo ameletwa akiwa mchafu na anacheka ovyo. Halafu atajitaja jina, ataeleza kazi yake, na ataketi usawa mmoja na mgonjwa, bila kumsimamia kichwani. Usilione hili kuwa jambo dogo. Mtu aliyeitwa kichaa njia nzima akipewa shikamoo yake, mara nyingi ndipo anapofungua mdomo kwa mara ya kwanza.

Kisha yatakuja maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana. Badala ya "Unasikia sauti?" atasema, "Nieleze usiku wako unavyokuwa." Mgonjwa akinyamaza, naye atanyamaza kidogo. Wewe ndugu utatamani kumjibia, na hapa nakuomba ujizuie, maana ukimya huo anaupima muuguzi na mgonjwa anautumia kukusanya maneno. Mgonjwa akisema, "Nimechoka na kila kitu," muuguzi atamrudishia kwa maneno yake: "Umechoka sana. Kipi kinakuchosha zaidi?" Hatasema "Jikaze," wala "Mbona wenzako wana shida kuliko wewe?" Maneno hayo tunayatumia kwa nia njema, lakini mgonjwa husikia kwamba hakuna anayemwelewa, naye hufunga mlango. Ustadi huu huitwa mawasiliano ya tiba, yaani mazungumzo yanayopangwa ili yamsaidie mgonjwa. Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, aliuandikia kitabu mwaka 1952 akieleza kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa ni kazi yenyewe ya uuguzi, sio nyongeza yake.

Muuguzi anaweza kukuomba utoke nje kidogo. Usikasirike. Kuna mambo mtu hawezi kuyasema mbele ya baba, mume au mkwe. Anayoyasema ni siri, isipokuwa pale uhai wake au wa mwingine ukiwa hatarini. Kama mgonjwa hajui Kiswahili vizuri, na huku kwetu wapo wazee wanaozungumza Kisukuma, Kirundi au Kibende tu, semeni mapema ili atafutwe mkalimani mtu mzima. Msimtumie mtoto wake, kwa sababu mama hawezi kumweleza mwanawe mdogo kwamba ametamani kufa.

Ndugu huniuliza sana hivi: akisema anafuatwa na watu ambao hawapo, nimjibu nini? Ukimwambia "Muongo, hakuna mtu," atakuona nawe ni mmoja wao. Ukikubali, utakuwa umeongeza moto. Muuguzi hupita katikati, hashindani na jambo lenyewe, hushika hofu iliyo ndani yake. Jaribu kusema, "Mimi siwaoni, lakini naona wewe unaogopa. Hapa uko salama, niko nawe." Kisha mwelekeze kwenye kitu cha karibu, kama kunywa maji, kuketi kivulini au kuota moto pamoja. Sema kwa sauti ya chini na sentensi fupi. Mtu mmoja azungumze, wengine wasogee. Akipandisha hasira, simama kwa pembeni, si uso kwa uso, acha nafasi kati yenu, na usimzibie mlango. Kamba na minyororo havimtulizi. Vinamjeruhi mikono na kumfundisha kuwaogopa ninyi ambao atawahitaji kesho. Mkishindwa kabisa, iteni mwenyekiti wa kijiji au polisi wawasaidie kumfikisha hospitali. Mwambieni kila anayekuja kuwa huyu ni mgonjwa, asije akapigwa kama mhalifu.

Sonona ndiyo inayopita bila kuonekana. Hii ni huzuni nzito inayodumu wiki mbili au zaidi, ikiondoa usingizi, hamu ya kula na nguvu za kazi. Huku kwetu huja sana na deni la tumbaku, mavuno mabaya, machimbo yaliyomeza mtaji, ndoa iliyovunjika, au baada ya kujifungua. Mgonjwa wa aina hii aulizwe wazi kuhusu kujiua. Wengi wanaogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Halimpi. Humwondolea upweke. Muuguzi atauliza, na wewe unaweza kuuliza: "Kwa jinsi ulivyozidiwa, umewahi kufikia kuona heri usiwepo? Umefikiria kujidhuru?" Akikubali, usimwache peke yake hata kwa saa moja. Toa nyumbani au fungia dawa za kuulia wadudu wa shambani, sumu ya panya, na vidonge vyote, vikiwemo vyake mwenyewe, maana baadhi ya dawa za sonona huua zikinywewa nyingi kwa pamoja. Ikiwa amekwisha kunywa sumu, usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali ukiwa na chupa au pakiti ya alichokunywa. Wengine huwaficha ndugu zao nyumbani kwa sababu Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inataja kujaribu kujiua kuwa kosa. Nakusihi, hofu hiyo isikucheleweshe. Wahudumu wa afya kazi yao ya kwanza ni kuokoa uhai, na kila dakika ina thamani.

Je, mgonjwa mwenyewe ana la kufanya? Lipo, na muuguzi atamfundisha njia za kuhimili, yaani za kubeba mzigo bila kuvunjika. Ataanza na vitu vidogo. Alale na kuamka saa zile zile. Kila siku awe na kazi moja anayoiweza, hata kuchota ndoo moja ya maji au kufagia uani, na akiimaliza aambiwe ahsante. Wasiwasi ukimpanda na moyo ukidunda, avute pumzi kwa pua akihesabu hadi nne, aitoe polepole akihesabu hadi sita, kwa dakika tano hivi. Mfanye naye, asione aibu. Gongo na bangi aviache, kwa sababu pombe huzidisha sonona na bangi huamsha sauti kwa mwenye ugonjwa wa kusikia sauti. Sala na ibada havipingani na kliniki. Kama mmekwenda pia kwa mganga, mwambieni muuguzi mlichopewa, si kwa kutafuta kukemewa, bali kwa sababu baadhi ya mitishamba hugongana na vidonge.

Kuhusu vidonge vyenyewe, subira inahitajika. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuonyesha kazi, na wengi huziacha katika wiki ya kwanza wakidhani hazifai. Anayetibiwa ugonjwa wa kusikia sauti akianza kukakamaa shingo, kutetemeka au kudondokwa mate, mrudisheni kliniki apunguziwe dozi au aongezewe dawa ya kuzuia hayo. Msiikate wenyewe. Kwa anayekataa vidonge kila siku, ulizeni kama ipo sindano ya muda mrefu, inayochomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Mazungumzo ya kumshawishi nayo yana namna yake. Usimwambie "Meza, wewe mgonjwa." Mwulize dawa inamsumbua wapi, msikilize mpaka amalize, kisha mkumbushe jambo alilolitamani mwenyewe, kama kurudi shambani au kuwaona wanawe shuleni.

Na wewe unayemuuguza, unalala? Muuguzi mzuri atakuuliza hilo, naye hakuulizi kwa adabu tu. Jibu ukweli. Pangeni zamu ndani ya familia, hata kama ni shangazi kukaa naye Jumapili moja ili wewe uende kanisani au sokoni. Ukiona unamfokea kwa jambo ambalo mwezi uliopita ungelicheka, hiyo ni dalili ya uchovu, nayo inastahili kuelezwa kliniki. Katika vijiji vyenye mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mjulisheni mapema ili awe anapita nyumbani, hasa kipindi cha masika ambapo barabara zinaharibika na miadi inakosekana.

Siku ya kurudi kliniki, beba daftari au kadi ya mgonjwa, vidonge vilivyobaki ndani ya pakiti zake, na karatasi yenye mambo matatu: amelala saa ngapi kwa kawaida, amekula vipi, na siku zipi zilikuwa mbaya. Kama una swali kabla ya hapo, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Kwa jambo linalomhusu mtoto, piga 116, ambayo nayo ni ya bure. Ziandike zote mbili mlangoni, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzisoma.