SOMO LA 12: MZEE WA AVALON ATOA SANTURI MPYA

Maneno ya kusoma kwanza: gitaa – nyuzi – bluzi – santuri – ramani – kurekodi

John Hurt alikuwa mkulima. Alikuwa Mmarekani mweusi. Alikulia katika kijiji kidogo cha Avalon, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Shule alisoma miaka michache tu, akaacha ili afanye kazi ya shamba. Shamba lenyewe halikuwa lake. Yeye alilima, na mwenye ardhi alichukua sehemu ya mavuno.

Gitaa alijifunza mwenyewe tangu utotoni. Kidole gumba kilipiga nyuzi nene, kikashika mwendo kama ngoma. Vidole vingine vilipiga nyuzi nyembamba, vikafuata wimbo. Mtu aliyesikia kwa mbali angedhani wapigaji ni wawili. Kazi ya shamba ikiisha, aliwapigia majirani zake wakacheza.

Nyimbo zake nyingine zilikuwa za bluzi. Bluzi ni muziki wa Wamarekani weusi wa kusini. Unaeleza taabu, mapenzi na safari za maisha.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ilimwita John Hurt. Alirekodi katika mji wa Memphis, kisha New York. Huko New York alikumbuka nyumbani. Akatunga wimbo, na ndani yake akakitaja kijiji chake cha Avalon.

Santuri zile hazikununuliwa sana. Mwaka uliofuata uchumi wa Marekani ulianza kuanguka. Watu walikosa kazi, na wanunuzi wa santuri wakapungua. Kampuni haikumwita tena. John Hurt alirudi shambani. Alilima na kuchunga ng'ombe kwa zaidi ya miaka 30. Waliokuwa na santuri zake walidhani amekwisha kufa.

Mwaka 1963 kijana mmoja, Tom Hoskins, alisikiliza wimbo ule kwa makini. Alisikia neno "Avalon". Alitafuta mahali hapo katika ramani za siku hizo, asipaone. Akapaona katika ramani ya zamani. Alifunga safari, akauliza watu wa huko, wakamwonyesha nyumba.

Mzee aliogopa. Alidhani mgeni ni askari wa upelelezi. Walipoelewana, mgeni alimpa gitaa. Vidole vilikuwa vizito kwa kukosa mazoezi, lakini nyimbo hakuzisahau.

Mwaka huohuo mzee alirekodi santuri mpya. Alikuwa amepita umri wa miaka 70. Alialikwa pia kwenye tamasha kubwa la muziki mjini Newport. Aliketi kitini akapiga taratibu, kama alivyozoea kijijini, na watu wengi wakamshangilia. Vijana walimfuata ili wajifunze mkono wake.

John Hurt alifariki tarehe 2 Novemba, 1966. Kama kijana yule angechelewa miaka minne, angekuta kaburi. Lakini katika muda ule mfupi mzee alirekodi nyimbo nyingi. Mpaka leo watu wanajifunza gitaa kwa kuzisikiliza.

Tunajifunza nini?

Ujuzi wa mzee ni mali. Usipohifadhiwa, huzikwa pamoja naye. Jina moja la kijiji, lililotajwa katika wimbo mmoja, lilitosha kumrudisha mzee huyu. Nasi tunaojua kuandika tunaweza kuhifadhi mengi zaidi.

Maswali

1. Kwa nini John Hurt aliacha kurekodi baada ya 1928?
2. Tom Hoskins alijuaje mahali pa kumtafuta?
3. Je, mzee aliyefika miaka 70 anaweza kuanza kazi mpya? Toa maoni yako.

Zoezi la kikundi

Mtafuteni mzee mmoja kijijini mwenye ujuzi: mpiga zeze au marimba, mfinyanzi, mhunzi au mkunga. Mwombeni ruhusa. Andikeni jina lake, kijiji chake, tarehe, na jinsi anavyofanya kazi yake. Msomeeni mlichoandika ili asahihishe. Msingoje mwakani.