Raha na Karaha za Gari Kuukuu: Nasaha za Mwenye Peugeot 504

Watu wengi huamini kwamba gari kuukuu ni mzigo wa mtu asiye na uwezo wa kununua jipya, au ni pambo la tajiri asiyejua pa kutumia fedha zake. Lakini mimi, niliyeishi na Peugeot 504 mjini Mombasa sehemu kubwa ya umri wangu, katika joto la kaskazi na katika mvua za masika, nina rai nyingine, nayo ndiyo muradi wa makala hii. Gari kuukuu hutaka desturi njema kuliko fedha, na mtu wa kipato cha kadiri aliyejizoeza kulitazama lake kila juma huliendesha kwa amani, ilhali mwenye mali nyingi anayengoja liharibike ndipo alitazame hana siku ya raha.

Gari lenyewe halihitaji kuelezwa sana kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Lilitolewa Ufaransa mwaka 1968, likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969. Na katika mashindano ya Safari Rally, ambayo lile la aina ya 404 lililolitangulia lilikuwa limekwisha kuyashinda mara nne katika miaka ya 1960, mara mbili mikononi mwa Bert Shankland aliyekuwa mkazi wa Tanzania, 504 nalo lilishinda mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Ulaya waliacha kuliunda lile la kawaida mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuliunganisha hata baada ya mwaka 2000, na kwa sababu hiyo spea zake bado hupatikana kwetu pale ambapo spea za magari mengine ya rika lake zimekwisha kuadimika.

Kutu kwanza

Anayetaka kununua gari kuukuu Mombasa, Tanga au Unguja na aulizie kutu kabla ya kuulizia injini, kwa sababu injini hufunguliwa, ikatengenezwa na kurudishwa mahali pake, lakini bodi iliyoliwa na chumvi ya bahari haina dawa ila kukatwa na kuchomelewa bati jipya, kazi ambayo gharama yake aghalabu huizidi bei ya gari zima. Usiridhike na rangi inayong'aa. Inua mazulia uione sakafu. Fungua buti utazame pembe zake. Fungua boneti utazame pale ambapo shokabzoba za mbele zimeshikwa kwa juu, maana uzito wa mbele wa gari hutua hapo. Kisha chukua nyundo ndogo, ugonge taratibu chini ya milango, na usikilize. Bati zima hulia kwa sauti kavu, na lililooza hutoa sauti iliyofifia, na pengine nyundo ikazama.

Ukishalipata lililo zima, kulilinda si kazi kubwa. Chini ya kila mlango mna vitundu vya kutolea maji ya mvua, na vitundu hivyo huzibwa na vumbi na mchanga, maji yakatuama, mlango ukaoza kuanzia ndani bila mwenyewe kuwa na habari. Mimi huvizibua kwa ujiti wa chelewa, kimoja baada ya kingine, kabla ya masika na kabla ya vuli, na tope jeusi linalotoka humo hunieleza hali ya bati kuliko rangi ya nje inavyoweza kunieleza: likiwa na chembe nyekundu, najua kutu imekwisha kuanza. Uvunguni hupaka kwa brashi oili chafu iliyomwagwa kutoka katika injini, nikijihadhari isiguse breki wala bushi za mpira, kwani oili huila mipira. Na kila nilipopita karibu na ufuo, huuosha uvungu kwa maji ya bomba.

Maji na joto

Katika tajriba yangu, hakuna jambo linaloziua injini hizi kama joto. Bloku ya 504 ni ya chuma, hedi yake ni ya alumini, na slivu zake zimezungukwa na maji moja kwa moja. Mpango huu una fadhila zake, kwa kuwa slivu iliyolika hutolewa ikatiwa nyingine bila kuchonga bloku. Lakini injini ikichemka na dereva akaendelea kwenda, hedi hupinda, gasketi huungua, na maji huingia katika oili. Kwa hiyo siku moja katika kila juma, asubuhi, kabla injini haijawashwa, fungua kifuniko cha rejeta uone maji yalipofika. Bana mipira ya maji kwa vidole uone kama imepasuka au imelegea. Sukuma mkanda wa feni kwa kidole gumba. Kisha fungua mahali pa kutilia oili, utazame upande wa ndani wa kifuniko chake. Ukiona oili imegeuka ikawa kama chai ya maziwa, usiwashe gari hilo, bali muite fundi.

Maji unayotia nayo yana hesabu yake. Visima vingi vya mwambao vina maji ya chumvi, na maji hayo huacha magamba ndani ya rejeta na kuitafuna alumini ya hedi. Tumia maji ya dukani yenye dawa ya kuzuia kutu, au, ukikosa, maji ya mvua uliyokinga katika chombo safi. Na usinunue thamostati ukaifunga kwa kuamini maneno ya muuzaji. Niliwahi kuuziwa iliyokataa kabisa kufunguka, na tangu hapo kila thamostati huifunga uzi kwanza, nikaining'iniza katika sufuria ya maji jikoni, nikayapasha moto huku nikitazama: iliyo nzima hufunguka polepole kabla maji hayajatokota, na yakipoa hujifunga.

Feni ya 504 ina hekima ya pekee. Haizunguki wakati wote, bali hushikwa na sumaku ya umeme pale swichi iliyo katika rejeta inapohisi kwamba maji yamefikia joto lililokadiriwa, na umeme huo hupita katika kipande kidogo cha kaboni kinachosugua daima. Kaboni ikiisha, feni husita, na dereva asiyetazama geji ya joto hataarifiwa na kitu. Waundaji walilijua jambo hilo, wakaweka skurubu tatu ambazo zikikazwa huifunga feni na puli yake zikazunguka pamoja. Basi kila mwenye gari hili na aweke garini spana inayozifaa skurubu hizo, kwa maana siku ya haja hatapata wa kumwazima porini.

Barabara ya Nairobi, yenye takriban kilomita 480, hutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600, na mtihani wake wa kwanza uko karibu sana na nyumbani, pale mnapopanda kwenda Mazeras na Mariakani nyuma ya malori yanayojikongoja, wakati ambapo upepo wa kuipoza rejeta ni mchache na kazi ya injini ni kubwa. Hapo shuka gia moja, uiache injini izunguke kwa wepesi, ili pampu na feni vifanye kazi yake. Na ukiona mshale wa joto unapanda, washa hita ya ndani na ufungue madirisha yote, kwa kuwa hita huchukua sehemu ya joto la injini. Ikichemka, simama kivulini na usiguse kifuniko cha rejeta abadan mpaka mpira wa juu uweze kushikika kwa mkono mtupu, kwa sababu maji yaliyobanwa hufoka yakamwunguza mtu uso.

Moto na petroli

Gari la zama hizo halina kompyuta, na kwa hiyo sababu nyingi za kuzima kwake huonekana kwa macho. Ndani ya distribyuta mna pointi, vyuma viwili vidogo vinavyokutana na kuachana kwa kila cheche ya plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, vyuma hivyo huachana mara 6,000 katika dakika hiyo moja, na haishangazi kwamba huungua na kulika. Nafasi iliyo baina yao ni takriban milimita 0.4, hupimwa kwa fila, na nyuso zao husafishwa kwa msasa laini. Weka garini pointi mpya na kondensa iliyokwisha kujaribiwa, pamoja na bisibisi ya kuzifungia, na utakuwa umejikinga na sababu kubwa ya kulala njiani.

Petroli nayo ina vituko vyake katika joto la pwani. Gari likikaa katika foleni ya kungojea feri ya Likoni wakati wa adhuhuri, petroli huweza kugeuka mvuke ndani ya pampu na mirija, na injini ikazima ingawa tangi limejaa. Usilaumu betri wala plagi. Lowesha kitambaa, ukifunike juu ya pampu, ungoje kidogo, nalo litawaka. Fahamu pia kwamba kabureta iliyorekebishwa Mombasa hutia petroli ya ziada Nairobi, kwa kuwa hewa ya bara ni nyepesi. Plagi zikiwa nyeusi huko juu, hilo si ugonjwa.

Breki hazingoji mshahara

Mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu. Mafuta yaliyolowa huchemka upesi, na yanapochemka, pedali huzama chini bila kushika kitu, jambo ambalo hutokea mahali pabaya kuliko pote, yaani katika mteremko mrefu kama ule wa kutoka Wundanyi. Yabadilishe yote angalau kila baada ya miaka miwili, na mteremkoni tumia gia ya chini uiache injini ilizuie gari. Mambo mengine yote niliyoyataja mtu huweza kuyasogeza hadi mwisho wa mwezi, hili halisogezwi.

Fundi na daftari

Fundi wa magari haya ni wa kutafutwa kama anavyotafutwa tabibu, kwa sifa na kwa subira. Wangu ni mzee wa Majengo ambaye hafungui kitu kabla ya kusikiliza. Siku moja nilimpelekea gari likitoa kelele upande wa mbele, na watu wawili walikuwa wamekwisha kuniambia kwamba injini ni ya kufunguliwa. "Washa, sheikh, halafu tunyamaze," akasema. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya kifuniko cha valvu na mpini sikioni, akatikisa kichwa. Akaihamishia kwenye pampu ya maji, akatulia, kisha akanipa mimi nisikilize. Nikausikia msago mkavu, waziwazi. "Beringi ya pampu hiyo, sheikh. Usimwache mtu akufungulie injini kwa kelele ya pampu." Tangu siku hiyo nami nina bisibisi ndefu, na nasaha yangu kwako ni kwamba usimpe kazi fundi aliye mwepesi wa kufungua na mzito wa kusikiliza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui mali ambayo maneno hayo yanaielekea zaidi. Andika tarehe, kilomita, kilichofanywa, aliyekifanya na bei yake. Daftari la namna hiyo hukuonyesha yale ambayo kumbukumbu haiwezi kuyashika: kwamba oili inapungua upesi kuliko mwaka jana, kwamba kila pampu iliyotoka duka fulani haikudumu, kwamba tairi moja hulika upande na kwa hiyo boljointi zinataka kutazamwa. Siku ya kuliuza gari, daftari hilo litakuwa shahidi wa insafu yako mbele ya mnunuzi.

Raha yake

Baada ya karaha zote hizo, mtu ana haki ya kuuliza faida iko wapi. Iko katika viti vipana na springi ndefu zinazoyameza mashimo ya barabara za mashamba. Iko katika wazee wanaosimama kunisimulia habari za 504 la abiria, lenye safu tatu za viti, lililowapeleka kazini mara ya kwanza. Na zaidi ya yote iko katika kukielewa kitu ninachokitumia. Wanangu wamejifunza kwa gari hili jinsi cheche inavyozaliwa na kwa nini maji huchemka, na wamejifunza kwamba kitu kikiharibika, swali la kwanza ni kwa nini, kabla ya kuuliza kingine kitauzwa bei gani.

Basi kwa anayeanza leo, huu ndio utaratibu wa kutumia fedha zake: breki kwanza, kwa ajili ya roho za watu, maji na rejeta pili, kwa ajili ya injini, pointi, plagi na mirija ya petroli tatu, kwa ajili ya safari, kutu apigane nayo kila msimu bila kukoma, na rangi aiache mwisho, mpaka gari lake liwe limekwenda na kurudi mwaka mzima bila kumlaza njiani.