Fuvu Mezani

Katika Jumba la Picha la Taifa mjini London imo picha ya Harmen Steenwijck, Mholanzi, iliyochorwa yapata mwaka 1640. Mezani twaona vitabu, zumari, saa, upanga wa Kijapani na gamba zuri la konokono wa baharini. Taa imezimika. Mwali wa nuru waangukia fuvu la mtu.

Picha za namna hii huitwa “ubatili”, neno la Mhubiri. Mchoraji hasemi kwamba elimu, muziki au mali ni vibaya, amevichora vikapendeza. Atukumbusha kwamba tumeazimwa tu. Gamba lingali lang’aa, bali aliyekaa ndani amekwisha kufa.

Basi wapendwa, tuliyegombana naye tupatane naye leo, taa ingali ikiwaka.