Viumbe Wapya Hupewaje Majina?

Katika kitabu cha Mwanzo twasoma ya kuwa Adamu aliwapa wanyama majina. Kazi hiyo haijaisha hata leo.

Mwaka wa 1977 wataalamu walizama kwa chombo kiitwacho Alvin karibu na visiwa vya Galapagos, katika Bahari ya Pasifiki. Huko chini, kadiri ya mita 2,500, mahali pasipofika nuru ya jua, waliwakuta chaza wakubwa wenye magamba meupe na nyama nyekundu kwa damu. Chaza hao hulishwa na vijidudu vidogo mno vikaavyo ndani ya matamvua yao. Vijidudu hivyo hupata nguvu ya kufanya chakula katika maji yenye kiberiti, yatokayo katika nyufa za ardhi.

Je, kuwaona kulitosha? La. Mtaalamu hupima magamba, hutazama vijino vilivyo penye kiungo chake, na huchunguza viungo vya ndani. Kisha hulinganisha na jamaa zake wote waliokwisha kuandikwa. Akiona tofauti za kweli, huziandika na kuzitangaza pamoja na jina jipya. Mmoja wa wanyama hao huwekwa katika makumbusho, awe shahidi kwa wote watakaouliza baadaye. Hivyo mwaka wa 1980 chaza yule aliitwa Calyptogena magnifica. Neno la pili maana yake ni "adhimu".

Wala usidhani ya kuwa viumbe wa namna hii wako mbali tu. Magharibi ya Magole, wilayani Kilosa, iko milima ya Ukaguru. Katika msitu wa milima hiyo alipatikana chura akaaye mitini, aliye tofauti na jamaa zake wote. Mwaka wa 2002 Alan Channing na William Stanley walieleza sifa zake, wakampa jina kwa maneno ya lugha yetu: Churamiti maridadi.

Chaza yule amefichwa na kina cha bahari. Chura huyu ana msitu tu. Msitu ukikatwa au ukiteketea kwa moto, jina lake litabaki kitabuni, na mwenyewe hayupo. Tena, ni wangapi watakaopotea kabla ya kupewa jina? Basi, mwanafunzi, uingiapo msituni tazama kwa makini, wala usiharibu usichokijua.

Maswali
1. Chaza wa kilindini hupataje chakula?
2. Kwa nini mnyama mmoja huwekwa katika makumbusho?
3. Eleza maana ya jina Churamiti maridadi.