Rangi Ngumu ya Gari na Pumzi ya Mtoto

Leo hatutasema juu ya uji wala chanjo. Tutasema juu ya gari. Pengine mmoja atauliza: "Muganga, gari ni kazi ya wanaume, sisi tunaingia wapi?" Ngoja kidogo, mama, utaona.

Kila mtu mwenye piki-up anajua shida yake. Mawe, bidoni na mabati yanakwaruza karoseri, rangi inatoka, mvua inaingia, na kutu inakula chuma. Kwa hiyo watu wa Marekani walizoea kupaka ndani ya karoseri rangi nzito ya plastiki, ingine imechanganywa na punje za mpira. Ikikauka iko ngumu tena inakwaruza mkono kama ngozi ya mamba, na mizigo haitelezi. Leo inauzwa katika mikebe na chupa, na mwenye gari anaweza kuipaka yeye mwenyewe nyumbani. Wengine wanaipaka hata nje, chini ya milango, na ndani pia mahali pa miguu, ili matope yasafishwe kwa maji tu. Ni rangi nzuri. Hatumkatazi mtu kulinda gari linalolisha watoto wake. Na ikiisha kukauka kabisa, haina neno. Hatari iko wakati ingali mbichi.

Kuna namna mbili. Moja iko tayari katika mkebe: unakoroga, unapaka kwa burosi ao rola, na unyevu wa hewa unaikausha. Ingine ni ya kuchanganya. Kwa ile inayoitwa Raptor, kwa mfano, unatia mililita 250 za dawa ya kukazisha ndani ya chupa yenye mililita 750 za rangi, unatikisa sana, halafu unapulizia kwa kompresa. Mara nyingi kitu kinachoikazisha kinaitwa isosiyanati. Tena mna maji makali ya ukoo wa petroli, ambayo yanaleta kizunguzungu, kuumwa kichwa na kichefuchefu. Hayo unayanusa na kukimbia. Lakini isosiyanati ni kama mwizi wa usiku: unaweza kuivuta bila kusikia harufu yake.

Mtu anaweza kupaka gari tatu, gari ine, bila shida. Siku moja mwili wake unaikataa. Kifua kinabana, anakohoa, pumzi inapiga filimbi. Mara ingine shida haitokei kazini, inakuja usiku, na watu wa nyumba wanasema ni baridi. Kuanzia siku ile, hata kidogo sana inaweza kumletea asma, na hatuna dawa ya kuufanya mwili usahau. Mtu huyo asiikaribie tena rangi ya namna hii, hata kama ni kazi yake. Tunajua neno hili ni gumu kwa nyumba inayokula kwa mikono ya fundi. Lakini asma hiyo imekwisha kuua watu.

Sasa tuchukue mfano. Baba ameweka piki-up yake ndani ya parsele, karibu na jiko. Mama anasema: "Baba, mtoto amelala hapa." Baba anajibu: "Nitamaliza mbiombio. Na dirisha liko wazi." Kumbe dirisha hilo wazi ndilo linaloingiza ukungu wa rangi ndani ya nyumba! Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko sisi, na mvuke wa rangi ni mzito kuliko hewa: unashuka chini, pale anapotambaa. Tena unaweza kwenda chinichini mpaka kwenye makala ya moto na kuwaka.

Mama afanye nini? Asigombane. Amwombe apeleke gari mbali, mahali pa upepo, pasipo moto wala sigara. Kama gari haliwezi kutoka, basi mama atoke na watoto waende kwa bibi yao. Mama mwenye mimba wa kwanza. Na amwambie neno hili moja: kama huna maski ya kweli, upake kwa rola, usipulizie. Rola haitupi ukungu hewani. Kitambaa cha mdomoni, ao maski ya karatasi tunayovaa hapa kliniki, haizuii mvuke huu hata kidogo. Kwa rola pia inafaa maski ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa rangi, na glavu, kwa sababu isosiyanati inadhuru hata kwa njia ya ngozi. Kwa kupulizia, wenye kujua wanavaa maski inayoletewa hewa safi kwa mpira mrefu.

Ndani ya kabini ni vibaya zaidi, maana ni sanduku. Asipulizie mle hata siku moja. Atoe viti, afungue milango yote, apake kwa burosi, na milango ikae wazi mchana kutwa, siku kwa siku, mpaka harufu iishe. Raptor inahitaji siku 7 hivi ili ikauke kabisa. Kabla ya hapo usikalishe mtoto juu yake, wala usipakie unga ao samaki.

Na kabla ya kupaka, chuma kinasuguliwa kwa msasa. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo yanaharibu akili ya mtoto. Kwa hiyo wasugue kwa maji, si kavu, na vumbi lisifagiliwe mahali watoto wanapocheza.

Baba akirudi, avue nguo za kazi nje na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Rangi mkononi inatoka kwa mafuta ya mawese, halafu sabuni. Si kwa petroli. Mkebe mtupu usichotee maji, hata ukiuosha mara kumi.

Mtoto akinywa rangi ao maji ya kuizimulia, usimtapishe, wala usimpe maziwa ao mafuta: akitapika, yanaweza kuingia ndani ya mapafu. Ikiingia machoni, mwagia maji safi mengi kwa dakika 15. Kisha mlete mbio, hata usiku, na mkebe ule uje pamoja naye, ili muganga asome kilicho ndani.